Ngoma Ikivuma Sana, Wimbo Utasikiwa na Nani?

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Nilipofundishwa methali hii nikiwa Kidato cha Kwanza niliiandika daftarini, nikaikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Sikujua kwamba ningekuja kuishuhudia ndani ya bwalo letu la chakula. Lakini siku hiyo ngoma haikupasuka. Kilichopasuka ni wimbo.

Mnakumbuka siku ya kutoa zawadi mwaka jana. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kimepewa dakika kumi. Mwenzetu mmoja alitunga shairi la beti sita kuhusu kahawa: jinsi mkulima anavyoamka alfajiri kuchuma, anavyobeba mzigo mgongoni hadi kiwandani, kisha anavyongoja malipo mpaka tarehe ya karo inampita. Tuliliongezea muziki wa bendi ya shule. Wazazi walioketi mbele, wengi wao wakulima kutoka Othaya, Tetu, Mathira na Mukurwe-ini, ndio waliokusudiwa. Shairi lilikuwa lao.

Mpiga ngoma akaanza. Jamani! Ubeti wa kwanza ulipofika nusu, mpiga gitaa hakujisikia, akaongeza sauti. Wa besi naye akaongeza. Waimbaji wetu wawili wakaanza kupiga kelele badala ya kuimba. Fundi akaongeza maiki, maiki ikapiga mluzi, watoto wakaziba masikio. Tulimaliza, tukapigiwa makofi ya adabu. Nje ya bwalo nyanya mmoja alimshika mtunzi wetu mkono, akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, mmecheza vizuri sana. Lakini mlikuwa mkiimba juu ya nini?"

Mtunzi aliinamisha kichwa. Beti sita, wiki tatu za kazi, na hakuna aliyesikia hata mshororo mmoja.

Tokea siku hiyo nimekuwa nikiuliza maswali. Nimemsumbua mwalimu wa fizikia. Nimemsumbua pia mzee mmoja wa mjini Nyeri ambaye hukodisha mitambo ya sauti kwa harusi na michango kutoka Karatina hadi Nanyuki. Haya ndiyo niliyojifunza.

NGOMA HAINA KITUFE

Karibu kila chombo cha bendi ya kisasa kina kitufe cha kupunguzia sauti. Gitaa la umeme lisipounganishwa na amplifaya hulia kama mbu. Kinanda cha umeme kikizimwa ni ubao tu. Lakini ngoma za bendi, yaani drams kama tunavyoziita, hazina kitufe. Kitufe chake ni mkono wa mpigaji.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida, umbali wa mita moja, sauti yao ni karibu desibeli 60. Drams zikipigwa kwa nguvu huzidi desibeli 100 pale alipoketi mpigaji. Mwalimu alinieleza kwamba kila desibeli 10 zinapoongezeka, sikio huona kama sauti imekuwa maradufu. Basi piga hesabu mwenyewe: kutoka 60 hadi 100 ni maradufu mara nne, yaani mara 16. Mwimbaji gani ataweza kushindana na hayo kwa koo lake?

Mtu atauliza, mbona mababu zetu walipiga ngoma na nyimbo zao zikasikika? Swali zuri. Wafikirie wapiga ngoma wa Chuka, kule upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ambao sifa zao zimeenea nchi nzima. Wao hubana ngoma ndefu katikati ya miguu na kuzipiga uwanjani. Ngoma ile iliumbwa kwa ajili ya nje. Nje hakuna ukuta wala paa. Sauti ikitoka, kila umbali unapoongezeka maradufu inapungua desibeli 6, na ikishakwenda hairudi.

Wafikirie pia waumini wa Akorino. Ngoma yao ni kubwa na huipiga kwa bidii, lakini kanisa zima huimba kwa pamoja. Sauti mia moja zaweza kusimama na ngoma. Sauti moja haiwezi. Na wazee waliocheza mwomboko katika miaka ya 1940 walitumia kodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Vyombo hivyo viwili havikumzamisha mwimbaji hata bila mitambo.

Je, mugithi? Jina lenyewe ni gari moshi kwa Kikuyu, kwa kuwa wachezaji hufuatana wameshikana kama mabehewa. Sisi wanafunzi hatuendi vilabuni, lakini harusini tumeuona. Mara nyingi ni mtu mmoja na gitaa lake, ngoma zikitoka kwenye kinanda au mashine. Ngoma zikizidi, anazungusha kitufe kwa kidole kimoja, yamekwisha. Bendi kamili haina bahati hiyo. Lazima watu waelewane.

Na muziki wa kwetu ni muziki wa maneno. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kang'ema, Murang'a, mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, alipendwa kwa sababu nyimbo zake zilifundisha, zilikosoa na zilikanya. Wimbo wake "Ndari ya Mwarimu", kuhusu mwalimu na mwanafunzi msichana, uliwakasirisha walimu enzi za Mzee Kenyatta. Fikirini: kama ngoma zingeyameza maneno, walimu wangekasirikia nini?

VITA VYA SAUTI

Mzee wa mitambo aliniambia, "Kijana, bendi ikigombana kwa sauti, mshindi ni ngoma na mshindwa ni mwimbaji. Siku zote." Nikamwomba anieleze, naye akanichorea mambo hatua kwa hatua.

Mpiga ngoma akipiga kwa nguvu, wa gitaa hajisikii, anaongeza. Wa besi hajisikii, anaongeza. Mpiga ngoma sasa anaona ngoma zake zimefunikwa, anapiga kwa nguvu zaidi. Kila mtu ana haki yake, na wote kwa pamoja wanaharibu. Mwimbaji ndiye pekee asiyeweza kuongeza bila kikomo, kwa sababu maiki yake ina dari.

Dari hiyo ni mluzi. Maiki husikia sauti ya mwimbaji na kuipeleka kwenye spika. Spika ikiwa na sauti kubwa mno, maiki huisikia spika nayo, inairudisha tena, spika inaitoa ikiwa kubwa zaidi, maiki inaisikia tena. Mzunguko huo ndio unaotoa ule mlio unaochoma masikio. Kumbe si maiki mbovu! Ni maiki inayojisikia yenyewe.

Tena, kila maiki iliyo wazi inaishusha dari hiyo. Idadi ya maiki ikiongezeka maradufu, unapoteza kama desibeli 3. Sisi siku ile tulikuwa na maiki nane, nne kati yake zikiwa mbele ya drams. Ebu fikirini ujinga wetu: kumwekea maiki mtu ambaye tayari anapiga kelele! Tungebaki na zile mbili za waimbaji tungepata kama desibeli 6 za bure.

BWALO NALO LINAIMBA

Kuna jambo jingine lililotushangaza. Katika mazoezi tulisikika vizuri kabisa. Mwalimu wa fizikia aliuliza swali moja tu: "Mlifanyia wapi mazoezi?" Tulikuwa tumefanyia nje, chini ya mikaratusi.

Bwalo letu lina sakafu ya saruji, kuta za mawe zilizopigwa plasta na paa la mabati. Vitu hivyo haviimezi sauti, huirusha. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20 za selsiasi. Katika bwalo la mita 30, pigo la ngoma huenda hadi ukuta wa nyuma na kurudi jukwaani baada ya takriban sekunde 0.17. Kwa hiyo mpigaji husikia pigo lake na kivuli cha pigo lake. Na msikilizaji aliye katikati husikia silabi ya sasa ikikanyagwa na mwangwi wa pigo lililopita.

Tatizo hili si la Nyeri peke yake. Mwaka 1895, kule Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya ambao ndani yake mhadhara haukueleweka. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alitakiwa atafute dawa. Alitumia filimbi ya kinanda na saa, akakuta kwamba ukumbi ukiwa mtupu sauti hukaa kama sekunde 5.5 kabla ya kufifia kabisa. Usiku akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuipanga humo, akipima kila mara. Kadiri mito ilivyoongezeka ndivyo sauti ilivyofifia upesi. Elimu ya sauti za kumbi tunayoitumia leo ilianzia kwenye mito hiyo.

Sisi hatuna mito, lakini tuna blanketi za bweni. Na watu nao ni mito: nguo na miili humeza sauti. Ndiyo maana bwalo likiwa tupu hulia kuliko likijaa, na atakayepanga sauti mchana bwalo likiwa tupu sharti aipange upya wazazi wakishaketi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuanze na dari. Fungua maiki ya mwimbaji peke yake, ipandishe polepole mpaka mluzi unaanza kunong'ona, kisha ishushe kidogo. Hapo ndipo mwisho wa mwimbaji. Kila chombo kingine lazima kikae chini ya hapo: ngoma kwanza kwa kuwa hazina kitufe, halafu besi, halafu gitaa, na kinanda mwisho. Watu wengi huanza na gitaa na kumwacha mwimbaji mwisho. Huko ni kujenga paa kabla ya ukuta.

Pili, mkono wa mpigaji. Vijiti visiinuliwe hadi mabegani. Vikiinuliwa kidogo tu, kwa kifundo cha mkono, mdundo ni ule ule ila sauti ni ndogo. Vijiti vyembamba husaidia, au fungu la njiti nyembamba zilizofungwa pamoja. Kupiga polepole kwa sauti bila kupunguza mwendo ni kazi ngumu kuliko kupiga kwa nguvu, na inahitaji mazoezi. Asiyeamini asikilize "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Ngoma zipo, zinatembea, lakini zimewapisha magitaa na mwimbaji. Hakuna anayesema mpigaji yule hajui kazi.

Tatu, tuzivishe ngoma. Blanketi kuukuu ndani ya ile ngoma kubwa ya mguu, ikigusa ngozi, hupunguza mvumo. Kitambaa juu ya ngoma ndogo hufanya vivyo hivyo. Matoazi ndiyo wachokozi wakubwa, kwa sababu mlio wao huingia katika maiki ya mwimbaji na kufunika konsonanti. Toazi moja badala ya matatu yatosha. Kipande cha utepe wa kunatia chini yake hupunguza makali.

Nne, kwa wale wanaotumia ngoma za ngozi halisi, tukumbuke hali ya hewa yetu. Mwezi wa Julai ukungu ukishuka kutoka Mlimani na Aberdare, ngozi hunyonya unyevu na kulegea. Mpigaji akiona hailii, anaipiga kwa hasira. Dawa si nguvu. Ianike juani, au iweke mbali kidogo na moto ikauke taratibu, nayo itakaza na kulia kwa pigo dogo.

Tano, mahali pa kuweka. Ngoma zisisukumwe pembeni kabisa, kwani kona huongeza mvumo. Zisiwe nyuma ya mgongo wa mwimbaji moja kwa moja. Tandika mkeka au zulia chini yake na kutundika blanketi nyuma yake. Blanketi humeza ukali wa matoazi, ila ule mvumo mzito wa chini hupita; huo hutulizwa kwenye ngoma yenyewe. Spika kubwa zisimame mbele ya waimbaji, zimeinuliwa juu ya vichwa vya watu. Nazo spika za jukwaani ziangaliwe na kisogo cha maiki, si uso wake.

Sita, amplifaya ya gitaa isikae sakafuni ikipigia magoti. Magoti hayana masikio! Iweke juu ya kiti, imwelekee mpigaji. Utashangaa jinsi atakavyoipunguza mwenyewe bila kuombwa.

Saba, awepo mtu mmoja anayesimama nyuma kabisa ya ukumbi, na neno lake liwe la mwisho. Aliye jukwaani hawezi kujua wasikilizaji wanasikia nini. Hapa nawapa kipimo ambacho chama cha Kiswahili kinakiweza kuliko mtu yeyote: imla. Mchukue mwanafunzi asiyeujua wimbo, mpe kalamu, mketishe kiti cha nyuma. Bendi ipige ubeti mmoja, yeye aandike. Akikosa maneno, usimlaumu. Punguza ngoma.

MASIKIO HAYANA SPEA

Sasa tusidhani kwamba jambo hili ni la maneno tu. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa haviota tena. Hakuna duka la spea, si Nyeri wala Nairobi.

Wataalamu wengi husema kwamba desibeli 85 zaweza kuvumiliwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Hapa Kenya kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika kumbi za muziki wastani wa sauti usipite desibeli 100.

Sasa mfikirie mpiga ngoma wetu, kijana wa miaka 16, akifanya mazoezi saa mbili kila Jumamosi katika chumba kidogo cha mabati. Ukitoka mazoezini masikio yakalia "nyiiii" hadi usiku, hayo si mapambo. Ni onyo. Viziba masikio vya sponji huuzwa katika maduka ya dawa, na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo tunapomwomba apige polepole hatumwonei, tunamtunza. Kwani yeye ndiye aliye karibu zaidi na moto.

TULIJARIBU TENA

Muhula uliofuata mwalimu mlezi alituombea dakika kumi nyingine katika mkutano wa wazazi. Wengine walisema tuache, aibu moja yatosha. Mtunzi alikubali kwa sharti moja: imla ifanywe kwanza.

Tulitundika blanketi kumi na mbili. Tuliondoa maiki za drams zote. Mpiga ngoma alinung'unika juma zima kwamba tumemfunga mikono, halafu siku ya nne ya mazoezi akaniambia kando, "Unajua, leo nimesikia maneno ya wimbo huu kwa mara ya kwanza." Alikuwa ameupiga tangu mwanzo! Jioni ile mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliandika mishororo minne akiwa nyuma ya bwalo, akakosa neno moja tu.

Siku ya mkutano, tulipomaliza, hayakuja makofi mara moja. Palikuwa na kimya. Halafu baba mmoja mwenye koti la mvua akasimama katikati ya bwalo na kusema, "Watoto wangu, hebu rudieni ule wa tatu, wa karo." Tukaurudia. Wapo waliokuwa wakitikisa vichwa, na baada ya mkutano walizungumza juu ya malipo ya kahawa hadi magari ya kwenda Othaya yakaanza kuwapigia honi. Mtunzi wetu hakuinamisha kichwa siku hiyo.

Wenzangu, ngoma ni tamu, na bila ngoma wimbo hulala. Sisemi tuiondoe. Nasema tuipunguze mpaka tusikie yale tuliyokuja kusema. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na bendi ikitaka kusikika sharti kwanza ishuke. Nawatakia mazoezi mema na masikio mazima. Kiswahili kitukuzwe!